Picha Iliyobaki Kwangu Tu

Nilijigamba sana siku kikundi chetu kilipohama mtandao. Mtandao ule mkubwa ulikuwa umefuta tangazo la matanga ya shangazi yangu, eti lina matusi, kumbe ni lugha yetu tu ambayo huko ng'ambo hakuna anayeijua. Basi tukaanzisha mtandao wetu wenyewe, kompyuta yake, tuliyochanga pesa kuinunua, ikakaa kwenye saiba yangu, duka la intaneti hapa Silibwet. Niliwaambia wanachama kwamba hakuna atakayetufungia mdomo, maana hatuna ofisi kubwa ya kuandikiwa barua na serikali. Sheria yetu ilikuwa moja: hakifutwi kitu kabla hatujapiga kura.

Jirani yangu ni mama aliyekuja huku na mumewe kutoka upande wa ziwani, mume akifanya kazi kiwanda cha chai. Huyo mume ndiye aliyeandika kwetu kwamba mbolea ya serikali tuliyogawiwa ilikuwa changarawe. Sisi wenye mashamba tulikuwa tumeiona tukanyamaza. Wiki hiyo hiyo wanaume wasio na sare wakamchukua kwenye lango la kiwanda. Mfanyakazi mwenzake akapiga picha, namba ya gari ikionekana wazi, akaituma kwetu kabla hajanyang'anywa simu. Wanachama waliposikia habari ya simu, kila mmoja akasafisha yake. Picha ikabaki kwangu tu, kwenye kompyuta ya mtandao.

Siku ya tatu asubuhi akaja nyumbani bwana mmoja mpole, viatu vinang'aa. Alimjua marehemu baba. Nilimpa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, maana mgeni ni mgeni, akanywa akasifu. Aliuliza habari za ng'ombe, za majani chai, za leseni ya saiba. Kisha akasema, "Mama, sisi hatulazimishi mtu. Toa tu hiyo picha moja mtandaoni, na wewe uendelee na kazi yako."

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja saiba. Sikuitisha kura, sikumuuliza mtu. Niliifuta, nikafuta na nakala yake, kwa bidii ambayo hata yule bwana hakuiomba. Mitandao mikubwa niliyoitukana hufuta watu isiowajua. Mimi nilikuwa nimekopa chumvi kwa huyu jirani juzi. Najichukia ninapoandika haya, na ni haki yangu.

Jioni yule jirani alikuja saiba, mtoto mgongoni. Alisema amepata wakili, na wakili anataka namba ya lile gari, kwa sababu vituo vyote vya polisi vimekana kwamba mumewe yuko kwao. Ameitafuta picha kwa mtandao wetu, haioni.

Nilimwambia kompyuta imeharibika na kila kitu kimepotea.

Alimrekebisha mtoto mgongoni, akaitazama kompyuta pale mezani. Machozi yalikuwa karibu, lakini hakulia.

"Woi, pole dada," akasema. "Na vile mlihangaika kuinunua."

Nikamwambia asante.