D za Fardosa

Hii habari huwa siisimulii nikiwa Garsen, maana nusu ya mji walikuwepo na nusu iliyobaki walihadithiwa siku hiyo hiyo, lakini nyinyi si wageni kwangu, basi nichekeni mmalize.

Mimi ni karani wa usajili katika chuo kidogo pale, na utaratibu wetu ni kwamba cheti chochote cha nje ya Kenya hupelekwa kwanza Nairobi kikalinganishwe na vya kwetu. Siku ya usajili, mabenchi yamejaa wazazi mpaka uani, akaja msichana wa Kisomali, Fardosa, na mamake mwenye duka la vitambaa karibu na stendi. Alikuwa amesomea Uganda kwa mjomba wake, sasa anataka diploma ya afya ya mifugo. Nikajiambia, ya nini kuisumbua Nairobi, Kiingereza si nakijua? Nikakisoma cheti mwenyewe, tena kwa sauti (sauti yangu naipenda, hilo nakiri).

"D moja, D mbili, D moja tena! Mama, huyu binti yako ameokota D kama mtu anayeokota kuni!"

Mabenchi yakaangua kicheko.

"Lakini mwalimu, kule D ni..."

"Hapa ni Kenya," nikamkata.

Akakunja cheti chake taratibu, akamshika mamake mkono, wakatoka. Nikadhani mama anamwonea mwanawe aibu.

Haikupita muda, mwalimu Hiribae, aliyesomea Kampala, akaiokota nakala ya cheti iliyobaki mezani, akaisoma kimya.

"Komora," akaniambia, "kule D moja ndiyo alama ya juu kabisa. Ni kama A yetu. Huyu mtoto angetufundisha mimi na wewe."

Jamani, masikio yaliwaka moto. Nilitoka mbio vile vile, kalamu sikioni, mpaka dukani kwa yule mama, nikaanza kumwomba Fardosa radhi kwa sauti ndogo ili wateja wasisikie. Mama akaacha kupima kitambaa.

"Ulimcheka mbele ya watu. Sasa unamwomba radhi nyuma ya vitambaa?"

Tukarudi chuoni sote watatu. Nikasimama mbele ya mabenchi yale yale, nikaeleza D za Uganda ni nini na kwamba mjinga wa siku hiyo alikuwa mimi. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikaona nimtukuze kidogo, nikasema amepata alama za juu masomo yote. Fardosa akainua mkono.

"Si yote, mwalimu. Historia nilipata P saba. Hiyo ni mbaya kweli."

Cheti kilienda Nairobi kama ilivyotakiwa, kikakubaliwa, naye sasa yuko mwaka wa pili. Akinipita uani hunisalimia kwa adabu, na ile salamu ndiyo hunitoa jasho. Niliapa sitasoma tena karatasi ya mtu kwa sauti. Siku hizi ikija ya nje, kabla sijaifungia bahasha ya Nairobi, humvutia mwenye cheti kiti, nikamwomba anisomee yeye. Foleni hunung'unika kwamba nachelewesha. Wacha inung'unike.