Kichwa ni cha Aliyevuta

Sisi tuliokulia pale Mto Mara unapoingia ziwani hatukufundishwa kuvua, tulitumwa. Mama akishabandika maji ya ugali anasema, "Mboga iko mtoni," nasi tunatimka na mshipi, ndoano na vifuru, visamaki vidogo vya chambo. Tunasimama penye uwazi kati ya mafunjo, mshipi umezungushiwa kitambaa kiganjani, jicho moja likichunga mamba.

Sangara akishika, anaruka nje ya maji akitikisa kichwa, na mama, ambaye sijui alifikaje, yuko nyuma yako anafoka: "Mlegezee. Ukishindana naye atakata." Jioni hapakuwa na mjadala, kichwa ni cha aliyevuta. Hata baba alisubiri mwenye kichwa aanze. Siku nilipokipata mimi nilinyonya mifupa mpaka kaka yangu akaninunia.

Watoto wetu huku Germantown, Marekani, wanamjua samaki wa vijiti, asiye na macho wala mgongo, anayevuliwa kwenye friza. Wakikuta mwiba mmoja wanataka wapelekwe hospitali.

Basi mama alipokuja kututembelea majira haya ya baridi, akagoma kula. Daktari alimpima, akasema ni mzima. Lakini kwa mama, kuku hana ladha, nyama inanuka friji. Alikunywa chai tu na kuuliza tutamrudisha lini nyumbani. Magauni yakaanza kumpwaya. Nilibembeleza, nikafoka, na moyoni niliogopa kwamba nimemleta mama aje kunifia mikononi. Kila nilipomsogezea sahani, aliirudisha.

Jumamosi moja nikakumbuka mto, nikamlegezea. Sikutaja chakula, nilimwomba tu anisindikize dukani. Mbele ya samaki waliolazwa kwenye barafu akasimama. Kibao kilisema baramundi. Mama akafunua shavu la mmoja, akakagua matamvua, akambonyeza mgongo.

"Huyu ni sangara," akasema. "Amekonda tu. Huku wanamlisha nini?"

Nyumbani alinifukuza jikoni kwangu mwenyewe, akamchemsha na nyanya na ndimu. Mezani mwanangu Baraka akarudi nyuma. "Bibi, he's looking at me."

"Anayekutazama ndiye wa kula," mama akamjibu, bila kungoja mkalimani. Kisha akajivutia kichwa. "Huyu nimemvuta mimi."

Tukasubiri aanze, kama zamani. Akala, akanyonya mifupa, akaomba ugali zaidi. Nilishusha pumzi, nikageukia sinki nikijifanya naosha sufuria, machozi yakinitoka.

Enzi zile mshipi ulituchubua viganja. Leo tunasukuma toroli na kulipa kwa kadi, mafunjo yako mbali, na samaki mwenyewe ni ndugu wa sangara tu, si yule hasa. Zamani nilimwonea wivu mwenye kichwa, lakini siku hiyo sikutamani hata kipande.

Baraka, aliyekwisha kusogea karibu, akaomba kuonja shavu. Bibi yake akakisogeza kichwa mbali naye.

"Jumamosi ijayo twende wote," akamwambia. "Ukavute wako."