Mchezo Aliouandika Priscah

Agosti 1966, wanafunzi wa zamani wa shule moja ya misheni karibu na Kendu Bay walikutana, kila mmoja asimame aeleze kazi anayoifanya. Mmoja alikuwa amefungua duka la kupiga picha Homa Bay, mwingine alikuwa akitengeneza injini za boti Mbita. Priscah Aoko, mwalimu kule Migori, aliomba moyoni zamu yake isifike. Mwalimu Hezron, aliyewafundisha hesabu, alikuwa ameketi mbele kabisa.

"Priscah ameandika mchezo wa kuigiza!" rafiki yake Rael akasema kwa sauti. "Atusomee!"

Priscah alitoa karatasi mkobani. Mchezo wenyewe ulihusu msichana aliyefichwa barua ya msiba na mwalimu wake, akafika nyumbani mama yake amekwisha kuzikwa. Alisoma bila kuinua macho. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu Hezron alisimama. "Msichana huyo ni wewe?"

Priscah alikunja karatasi zake. "Ndiyo, mwalimu."

"Ilikuwa wiki ya mtihani. Nilijiambia nakusaidia." Mzee alishikilia kiti. "Tangu siku ile nimekuwa nikiogopa kukutana nawe."

Priscah alivuta kiti karibu na cha mwalimu, akaketi. Mwaka uliofuata wanafunzi wake waliuigiza mchezo ule Migori, bila kubadilisha hata neno moja.