Mtoto Aliyekataa Kuhesabu

Tangu utotoni nina hasira za karibu, na kozi ile haikunipunguzia. Tulikuwa walimu sita, wote tuna vyeti na tumeshafundisha miaka kadhaa, tukakusanywa Singida mjini kwa miezi sita kujifunza kazi ambayo hata jina lake kwa Kiswahili hatukulijua. Wenzetu walipotuuliza tunasomea nini, tulisema tunafundishwa kuwasikiliza watoto na kupima akili zao. Mmoja aliniuliza kama Mwingereza ameishiwa kazi za kuwapa watu. Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema, na nilikwenda kwenye kozi nikiwa nimekusudia kuwa wa kwanza.

Mkufunzi wetu alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu na mkimya, mwenye saa aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Tulimwita Memsabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, hakina kosa wala utani. Kanuni zake tulizikariri: mtoto hasaidiwi, mtoto hahubiriwi, swali halirudiwi zaidi ya mara mbili, na mtoto hadanganywi hata kwa jambo dogo. Aliyebadilisha jibu la mtoto baada ya saa kusimama angerudishwa kwao siku hiyohiyo bila cheti. Sote tulimwogopa.

Mwezi wa tano wa kozi alitugawa mashuleni kwa mazoezi. Mimi nilipangiwa shule moja karibu na Issuna, kwenye barabara itokayo Manyoni, naye akaja kukaa hapo ili anitazame. Siku zile mtoto alimaliza darasa la nne, akafanya mtihani, na wachache tu wakaendelea shule ya kati. Wasichana walikuwa wa kuhesabika. Shule ile ilikuwa imebakiwa na nafasi moja ya msichana, na mwalimu mkuu alikuwa na mtoto mmoja aliyemsumbua roho.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Alisoma vizuri kuliko mwalimu wake wa darasa, na insha zake mwalimu mkuu alizitunza kwenye kabati. Lakini karatasi ya hesabu aliirudisha nyeupe, jina tu juu. Alipochapwa hakulia, na alipobembelezwa hakuandika. Ofisi ya elimu Singida ilikubali kungoja taarifa ya Memsabu: kama akili ya mtoto ni nzima apewe nafasi, kama siyo, nafasi iende shule nyingine. Orodha ingefungwa baada ya wiki mbili. Nyumbani kwao wageni wa posa walikuwa wameshaanza kupita, kwa hiyo kama asingepata nafasi, mwaka ule ungekuwa wa mwisho wake kushika kalamu.

Kazi ya kumpima ilikuwa yangu. Niliketi naye kwenye chumba cha vitabu, Memsabu pembeni na saa yake. Karatasi ya maswali ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, na swali la kwanza liliwekwa makusudi liwe jepesi, ili mtoto azoee.

"Nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

Alitazama mikono yake. Nikarudia. Akanyamaza. Swali la pili liliuliza wana ng'ombe wangapi, la tatu ni watu wangapi hula pamoja jioni. Yote alinyamaza, na jasho likamtoka juu ya mdomo ingawa chumba kilikuwa na baridi. Hasira zikanipanda. Niliona anafanya kiburi, tena mbele ya mtu ambaye nilitaka anisifu. Nilipofika maswali ya kujumlisha, alifumba macho kabisa. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Hawezi kuhesabu hata ndugu zake wa kuzaliwa. Hafai kuendelea." Memsabu alisoma, akasema taarifa ni safi. Nilifurahi kutwa nzima, na hilo ndilo jambo linaloniaibisha zaidi nikilikumbuka.

Kesho yake kulikuwa na zoezi la kutembelea nyumbani kwa mtoto. Nilikwenda peke yangu, mwendo wa saa nzima, nikaikuta nyumba yao ya tembe na bibi yake uani akipepeta uwele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na uji. Nami, bila kufikiri, nikatoa daftari na kumwuliza swali lilelile, kwamba wajukuu wake ni wangapi.

Bibi aliweka ungo chini.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Manyoni, bibi. Baba anafanya kazi stesheni."

"Na huko stesheni watu wanahesabiwa?"

Hapo nilijisikia mjinga. Mimi ni Mgogo. Nyanya yangu mzaa baba hakuwahi hata siku moja kumnyooshea mtu kidole akamtaja kwa namba, wala ng'ombe, kwa hofu kwamba anayehesabiwa huitiwa kifo. Ng'ombe aliwajua kwa rangi zao, na asiyerudi zizini alimjua kwa kumkosa. Hayo yote niliyajua tangu sijaota meno ya pili, lakini karatasi ya Memsabu iliyafuta kichwani mwangu.

Bibi hakunikasirikia. Alinisimulia taratibu. Mwaka uliopita mwalimu aliwaambia watoto waje na idadi ya watu wa nyumbani kwao. Mjukuu wake, kwa kuwa alipenda shule, alisimama jioni pale jikoni akawahesabu wote kwa sauti, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mdogo wake wa kiume, wa miaka miwili, aliyecheka aliponyooshewa kidole. Baadaye mtoto yule alishikwa na surua, na siku ya kumi tangu kuhesabiwa akafa.

"Mlimlaumu?" niliuliza.

"Hakuna aliyemlaumu," bibi alisema. Akachukua ungo wake tena. "Wala hakuna aliyemwambia kuwa si yeye."

Nilirudi kwa miguu nikitembea haraka bila sababu. Nilijua nikisema kweli, taarifa yangu safi itakuwa takataka na pengine cheti changu kitakwenda nayo. Nikinyamaza, mtoto ataolewa na kunitamkia shikamoo barabarani maisha yake yote. Nilimkuta Memsabu akinywa chai, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema jaribio halirudiwi, maana mtoto ameshayajua maswali.

"Basi nitatumia mengine," nilisema.

"Kwa namna gani?"

"Sijui, Memsabu."

Akasema taarifa itabaki mkononi mwake mpaka lori la mwisho kabla orodha haijafungwa, na kwamba akiona nimemsaidia mtoto hata kwa jicho, ataandika hivyo chini ya jina langu.

Asubuhi niliketi na msichana chumba kilekile, Memsabu pembeni na daftari lake. Sikuchukua karatasi. Nilimwambia nimekwenda kwao na bibi yake amenieleza. Nilimwambia mdogo wake aliuawa na surua, kwamba mwaka ule surua iliua watoto nyumba nyingi ambako hakuna aliyehesabu mtu, na kwamba kosa halikuwa lake. Niliyasema vizuri, kwa upole nisiokuwa nao kwa kawaida. Yeye akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Wewe unajuaje, mwalimu?"

Nilijua kwa kuwa nilisoma kitabuni, lakini mtoto yule hakuuliza habari ya kitabu. Ndipo hasira zikanipanda, safari hii si kwake. Nikainuka, nikanyoosha kidole dirishani kuelekea Manyoni, nikaanza kuhesabu watu wa nyumbani kwetu kwa sauti. Baba, mmoja. Mama, wawili. Wadogo zangu wanne, mpaka nikafika sita. Hapo ulimi ukawa mzito. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane niliyemwachia mama yangu ili nije kwenye kozi, mtoto wangu wa pekee. Nyuma yangu nilisikia msichana akisema, "Basi, mwalimu, inatosha."

"Na mwanangu," nilisema. "Saba."

Msichana aliniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia. Alifikiri.

"Wetu alikufa siku ya kumi," akasema. "Tusubiri."

Alipotoka, Memsabu alifunga daftari lake. "Umevunja kanuni," alisema. "Umehubiri, tena umemwekea mtoto mzigo wako."

"Ndiyo, Memsabu."

"Lori la mwisho ni siku ya kumi," alisema, naye akatoka.

Siku hiyohiyo niliwaandikia wazazi wangu kuuliza hali ya mtoto. Lori la Manyoni lilipita siku ya nne, halikuwa na barua. Lilipita siku ya saba, vilevile. Kila asubuhi msichana alisimama mlangoni pa ofisi, akanisoma uso, kisha akaenda darasani bila neno. Siku ya nane mwalimu mkuu alinivuta kando.

"Mwambie barua imekuja, mtoto mzima, yaishe," alisema. "Nafasi inapotea hivihivi."

Nilitamani sana. Ingekuwa sentensi moja tu. Lakini ningeisema nikiwa sijui kama ni kweli, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kweli sijui. Nilijiambia mimi ni mwalimu, nina cheti, ninajua surua inavyoambukiza, na bado kila nilipofumba macho nilikiona kidole changu kimenyooka kuelekea Manyoni. Nilimchukia Memsabu, nikamchukia yule aliyetunga swali lile huko Ulaya, nikajichukia mwenyewe kwa kuyafanya maisha ya mwanangu kuwa somo la darasani.

Siku ya kumi lori lilifika kabla ya saa sita mchana. Dereva alisema anatia maji kwenye rejeta tu, kisha anaondoka. Memsabu alikuwa tayari na bahasha mkononi. Msichana alisimama kando ya barabara, mikono nyuma. Nilimwuliza dereva barua, akatikisa kichwa.

Ndipo nilipomwona mama yangu akishuka nyuma ya lori, vumbi mpaka kwenye kope, na mwanangu mgongoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Barua moja unauliza mara tatu kama mtoto ni mzima," alisema. "Nikamwambia baba yako, huyu ana jambo. Sikuweza kukaa."

Nilimpokea mtoto. Alikuwa mzito, anatoa jasho, amekasirika kwa safari. Msichana alisogea polepole, akamtazama usoni, akamtazama kifuani anavyohema. Aligusa mguu wake.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Ulimhesabu kweli?"

"Ulinisikia."

Midomo yake ilianza kucheza, na machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Mwalimu mkuu aliniambia baadaye kwamba hata kwenye mazishi ya mdogo wake hakulia. Kisha akaushika mguu wa mwanangu kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kugusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Mama yangu alishtuka. "Huyu anamfanya nini mjukuu wangu?" Akanyoosha mkono amnyang'anye mtoto. Nami, nakiri, nilitaka amnyang'anye. Kila namba ilinichoma. Lakini nilimshika mama mkono, nikaushikilia, na msichana akaendelea kwa sauti iliyozidi kukaza, akamaliza mguu wa kwanza, akahamia wa pili, mpaka kumi. Dereva alikuwa amesimama na debe lake la maji akitushangaa.

Msichana alijifuta uso kwa kiganja. "Nipe karatasi, mwalimu."

Aliandikia juu ya boneti ya lori, kitambaa kimewekwa chini kwa sababu ya joto. Memsabu mwenyewe ndiye aliyemtungia maswali papo hapo, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, na mwisho yale ya treni mbili zinazokutana njiani, ambayo hata mimi nilihitaji kuyafikiri. Dereva alipiga honi mara mbili. Hakukosea hata moja. Memsabu aliichana taarifa yangu, akanipa kalamu, akaniamuru niandike nyingine, nami niliandika kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Bahasha ikaenda. Nafasi akaipata.

Mama alikaa nami pale shuleni kungoja lori la kurudi, na jioni alinieleza kwa nini asingemruhusu msichana yule amguse mjukuu wake tena. Nilimfafanulia habari za surua na jinsi akili ya mtoto inavyojibebesha kosa, yote niliyofundishwa, naye alinisikiliza kwa adabu. Alipoondoka na mwanangu nilihesabu siku, kimya kimya, tangu vidole vyake vihesabiwe, nikaomba ruhusa siku ya tisa, na siku ya kumi nilikuwa nimeketi nyumbani kwetu Manyoni, kiganja changu kwenye paji la uso la mtoto, nikisubiri jua lizame.