Maikrofoni Iliyotaka Kilio

Mwaka ule tulikula obusuma, ugali wa mahindi ya manjano, yale ya msaada yaliyonuka gunia. Mgeni alikuja kwetu Malinya na maikrofoni na mashine ya kunasa sauti, akamwomba mama aimbe wimbo wa matanga. Mama, mtoto mgongoni, akakataa: "Siimbi kilio na hakuna maiti. Kilio kikiitwa bure, kinatafuta mtu."

Mimi nilipenda sifa. Nikakisogelea kile chuma, mashine ikinuka vumbi linaloungua, nikauimba wimbo wote. Mgeni akacheka, akanipa peremende. Kabla mahindi yale hayajaisha, tulimzika yule mtoto.

Mjukuu wangu ni fundi, na sijaona mwingine kama yeye. Leo amefufua maikrofoni kuukuu kama ile, akaitia ndani utepe mpya wa alumini unaonasa sauti, mwembamba kushinda ganda la kitunguu. Alipowasha mashine, harufu ile ya vumbi ikanirudia.

"Kukhu, bibi yangu, hebu imba kile kilio nisikie kama inashika. Ama sauti imeisha?"

"Sauti iko. Yako ndiyo kanisani wanaifunika na ngoma."

Akacheka. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni mwake, mkono ukining'inia. Nikautazama, nikamjibu kwa maneno ya mama:

"Siimbi kilio na hakuna maiti. Kilio kikiitwa bure, kinatafuta mtu."