Picha ya Kabla

Tulipofika, nyumba ya yule bibi ilikuwa inanuka udongo mbichi, na harufu hiyo ndiyo iliyomkosesha paa.

Kila kiangazi, mvua zikishakatika na barabara za Mara zikabaki vumbi tupu, kundi letu la vijana wa kujitolea lilikuwa likienda mtaa kwa mtaa kukarabati nyumba za watu wasiojiweza. Mwaka ule tulianzia Bunda, tukapita Butiama, tukamalizia Musoma. Hatukulipwa. Tulipewa fulana, chakula cha mchana, na nafasi ya kukaa nyuma ya lori juu ya mbao na mabati. Nilijiunga kwa moyo wote. Nilikuwa nimechoka kukaa na waandishi wenzangu tukibishana juu ya dhiki za watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwashikia ngazi. Nilitaka nishike nyundo. Mpaka leo naipenda sauti ya msumari unapopenya bati na kukuta mbao chini yake, sauti inayobadilika kutoka kelele na kuwa neno.

Ninachokichukia ni picha.

Wafadhili walitaka picha mbili kwa kila nyumba, ya kabla na ya baada. Si vibaya, anayetoa bati ana haki ya kujua limekwenda wapi. Lakini kiongozi wetu, kijana mtanashati mwenye buti ambazo sikuwahi kuziona na tope, alikuwa amegundua kwamba picha ya baada haimlizi mtu. Ya kabla ndiyo inayoleta mabati ya mwaka unaofuata. Basi akawa anaiwinda. "Nataka picha inayoongea," alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo nilihisi kama nimemeza nzi. Bunda alimtolea mtu redio na meza nje ili chumba kionekane kitupu. Butiama alimwomba mzee mmoja avue viatu. Hata hivyo mabati yalipigiliwa, na watu wale wakalala pakavu.

Kisha tukafika Kamunyonge, mtaa mmoja wa Musoma.

Bibi mwenye nyumba alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kicheko cha haraka. Kiongozi alikuwa ameshamtembelea wiki kadhaa nyuma, akakuta kuta zilizotoa mbavu zake za miti nje kama mbwa mwenye njaa, na paa lenye kutu lililoshikiliwa na mawe ili upepo wa ziwani usilibebe. Masika yaliyopita bibi alilazwa kwa homa ya mapafu. Hospitali walimwambia asilale tena mahali penye maji, na yeye akarudi kulala palepale, kwa kuwa hakuwa na pengine. Mvua za vuli zilikuwa njiani. Kiongozi akamwahidi paa jipya. Mabati ya lorini yalitosha nyumba moja tu kwa mtaa ule, na nyumba hiyo ilikuwa yake.

Mwenyekiti wa mtaa akampelekea habari kwamba wageni wanakuja. Na mtu akiambiwa wageni wanakuja, atafanya nini? Bibi aliwaita majirani, wakachota udongo, wakakandika kuta zote. Wakasiriba juu kwa majivu. Kuzunguka mlango akachora kwa kidole mistari ya udongo mweupe, ikipanda na kushuka kama mawimbi madogo. Sakafu aliipaka mavi ya ng'ombe mpaka ikang'aa. Tulimkuta mlangoni amevaa gauni lake la kanisani, chai ya maziwa iko mekoni, viazi vitamu vimefunikwa kwa kitambaa.

"Karibuni wanangu. Karibuni nyumbani."

Kiongozi hakuingia. Alisimama uani, mikono kiunoni.

"Hii siyo nyumba niliyoiona."

"Ndiyo yenyewe, baba," bibi alisema, akacheka, akidhani amesifiwa. "Nimeifanyia usafi."

"Nani alikwambia ufanye usafi?"

"Sasa wageni wanakujaga kwenye uchafu?"

Fundi wetu wa mbao, mtu wa Bunda mwenye kofia ya kufuma na mdomo usiolala, akaangua kicheko. "Bosi, bibi katuwahi! Ukuta umeshapona, tumalizie kichwa."

Kiongozi hakucheka. Msichana wetu wa kamera alijaribu upande huu na upande ule, akachuchumaa, akatikisa kichwa. Kiongozi akausogelea ukuta na kuubonyeza. Kidole kikazama kidogo. Akakitazama kile kidole chenye udongo kama mtu aliyekanyaga kitu njiani, akajifuta kwenye nguzo ya mlango. Kisha akasema kwa upole.

"Bibi yangu, mimi sina shida na wewe. Lakini waliotoa bati wakiuona ukuta huu wataniuliza kwa nini nimempa mwenye nacho. Tukwangue kidogo tu, hapa mbele. Na hilo gauni, huna lingine, la shambani?"

Ilimchukua bibi muda kuelewa. Tuliiona ile furaha ikimtoka usoni.

"Mkwangue ukuta wangu?"

"Kidogo. Tukimaliza paa vijana watakukandikia upya."

"Halafu mnipige picha niko uchi?"

"Siyo uchi, bibi, jamani."

"Ukuta umekwanguliwa, mimi nimesimama mbele yake. Hiyo ni nini?"

Bibi akanyoosha mkono kuonyesha paa. "Kilichooza kiko juu. Pandeni mpige picha huko."

"Bati halina sura, bibi," alisema msichana wa kamera, na alisema kweli tupu, bila kuona kilichokuwa kibaya ndani yake.

"Basi pigilia bati kwanza. Ukimaliza, kwangua mpaka msingi! Sitakuzuia."

"Haiendagi hivyo." Kiongozi akanigeukia. "Wewe ndiye mwandishi wetu. Mweleweshe bibi kwa lugha nzuri."

Nikamwambia sina lugha ya namna hiyo. Nikamwambia paa linavuja na sisi tulikuja kwa ajili ya paa.

"Sawa. Na chini ya picha utaandika nini? Bibi msafi anaomba bati?"

Wenzangu walicheka. Walikuwa vijana wazuri, waliotoboka viganja kwa ajili ya watu wasiowajua, na walicheka. Chai ilikuwa imeshamiminwa vikombeni. Hakuna aliyeigusa, ikaanza kuota ngozi.

Kiongozi akapaza sauti ili isikike hadi kwenye ua wa minyaa, ambako majirani walikuwa wamejipanga wakitazama. "Tunarudi kesho asubuhi. Bibi afikirie. Mtaa huu una nyumba nyingi."

Nimeshaona machinjio. Nimeshaona samaki walioozea mwaloni, kando ya ziwa, jua likiwa kali. Sijawahi kuona kitu kilichonitia kichefuchefu kama mtaa ule kesho yake.

Walikuwa wamekwangua. Nyumba baada ya nyumba, udongo ulilala chini ya kuta kama vinyweleo vilivyonyolewa. Mtu mmoja alikuwa amebomoa shimo kwa jembe kwenye ukuta wake mwenyewe, shimo la kupita mbuzi, na mbuzi kweli alikuwa amefungwa ndani. Mlango wa nyumba nyingine ulikuwa umeng'olewa na kufichwa nyuma ya choo, ulionekana unachungulia. Mama mmoja alimpaka mtoto majivu mashavuni huku akimfokea, "Tulia wewe, wanakuja!" Mwingine alikuwa amemwaga maji ya kuoshea samaki kizingitini, na nzi wameitikia mwaliko.

"Bosi, njoo huku! Huku ndo kuna shida ya kweli!"

"Muongo huyo, ana friji ndani!"

"Friji imekufa! Na wewe bati zako za mwaka juzi umeziweka wapi?"

Fundi alinong'ona karibu yangu, bila mzaha safari hii, "Tumewafanya nini hawa watu?" Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Si kwao. Mtu akiambiwa kwamba uchafu ndio nauli, atalipa. Kiongozi alipita katikati yao polepole kama mnunuzi kwenye mnada wa ng'ombe, akipapasa, akirudi nyuma hatua moja, akitazama tena. Uso wake uling'aa.

"Mnaona? Hapa sasa panaongea."

Nilimwacha nikaenda kwa bibi. Alikuwa mlangoni na lile gauni la kanisani, jembe mkononi. Ukuta ulikuwa umekauka usiku kucha, umepauka vizuri, mistari myeupe imekaza. Majirani wawili walikuwa wakimhimiza kutoka uani. "Kwangua, bibi! Kiburi hakizuiagi mvua!" Aliinua jembe mpaka likagusa ukuta. Akalishusha. Akaliinua tena.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "nikwangulie wewe. Mkono unakataa."

Akanipa jembe. Nililipokea. Mpini ulikuwa na joto la mkono wake. Sijui ningefanya nini, kwa sababu tukiwa tumesimama hivyo tulisikia mabati yakishushwa kutoka kwenye lori, ile ngurumo nyepesi inayofanana na mvua, nyumba kadhaa mbele, kwa yule aliyetoboa ukuta wake.

"Wameshusha?" aliuliza.

"Wameshusha, bibi."

Akachukua jembe lake akaingia ndani.

Siku ile ndiyo niliyoacha kundi. Baadaye mimi na fundi tulirudi na kopo la lami na matambara tukaziba matundu, moja moja, yeye akipanda juu, mimi nikimwelekeza kutoka chumbani kila palipopenya jua. Bibi alitupikia. Hakutuonyesha hasira. Fundi alipomtania kwamba ukuta wake ni mzuri kuliko wa benki, alisema tu, "Ndiyo ulioninyima bati." Lami ilizuia kiasi. Vuli ilipokolea alilala na karai miguuni na sufuria kichwani, lakini hakulazwa.

Kiangazi kilichofuata nilipita Kamunyonge. Niliiona nyumba kabla sijamwona mwenyewe: mbavu za miti nje, udongo umeanguka vipande vipande, uani majani hayajafagiliwa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele ya mlango, na kanga iliyopasuka begani. Shikamoo yangu aliipokea kwa kicheko kilekile cha haraka.

"Bibi, ukuta umekuwaje? Niite wenzangu tuje tukukandikie?"

"Koma," alisema. "Usiniguse huo ukuta. Sijakandika tangu mlipoondoka. Mwaka huu wakija watanikuta niko tayari." Akajiweka sawa juu ya jiwe, akainamisha kichwa upande mmoja, akalegeza mdomo. "Hivi naongea?"

Sikuweza kumtazama.

"Umeliona lori huko barabarani?" aliuliza.

Nililiona asubuhi, limejaa mabati na vijana wenye fulana mpya wakiimba. Nikamwambia limekwenda Suguti, nje ya mji.

"Suguti," alisema. Akarudisha mdomo wake mahali pake. "Basi wakimaliza huko, waambie mimi nipo."