Chai ya Ng'ombe Aliyechanjwa

Ushirika wetu wa akina mama hapa Kitengela huanza na ushuhuda. Unasimama, unasema "Bwana asifiwe," wenzako wanaitika "Amen," halafu unaeleza ulichotendewa wiki hiyo. Tunakutana Jumamosi mchana, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye nyumba anapika chai.

Jumamosi moja katibu alisimama. "Bwana asifiwe." Amen. "Tena asifiwe." Amen. Akatoa simu, akasoma ujumbe: chanjo ya mifugo inayoletwa Kajiado ni njama ya tajiri fulani wa ng'ambo. Inazuia ng'ombe kujamba, na mwanamke akinywa maziwa yake hatazaa tena. Aliyeandika hakutajwa. Mwisho iliagizwa tu utumie watu kumi. Wakaitika Amen kwa sauti ileile.

Mimi nilicheka. Mimi peke yangu.

"Mwalimu, usicheke mambo ya kiroho," mwenyekiti akanionya.

"Kujamba kumekuwa jambo la kiroho tangu lini?"

Hawakupenda.

Usidhani nawadharau. Miaka mitatu kabla ya hapo mimba yangu ilitoka ikiwa na miezi sita. Mama yangu alikuwa mbali, huko magharibi, na ni hawa walionipikia uji na kunikanda mgongo. Mwenyekiti mwenyewe, mama mtu mzima, alizifua shuka zangu zenye damu kwa mikono yake. Kuwapoteza hao kuliniogopesha kuliko ugonjwa wowote wa ng'ombe.

Lakini ugonjwa nao ulikuja. Asubuhi moja jirani yangu Mmaasai alinisalimia ng'ambo ya ua, kisha akanionyesha fahali wake. Mate yalikuwa yanamchuruzika, ulimi umejaa vidonda, anachechemea. "Mwalimu, chanja wako leo," aliniambia. "Mimi nimechelewa." Niko na ng'ombe mmoja tu nyuma ya nyumba, na wakati huo alikuwa bado anakamuliwa huku ana mimba ya miezi mitano. Nilimwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, mchana kweupe, kila mtu aone.

Wiki mbili baadaye ndama alitoka, amekufa. Daktari alisema sababu zinaweza kuwa nyingi, na bila kupima hakuna anayejua. Kabla sijamaliza kumfukia, grupu ya ushirika kwenye simu ilishawaka. "Si tulisema?" "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Halafu nikaondolewa kwenye grupu.

Mume wangu, ambaye haendi kanisani hata Krismasi, alinicheka. "Unashangaa nini? Wewe na wao ni kitu kimoja. Mnaamini bila kuona. Mambo yakienda vizuri ni ushahidi, yakiharibika bado ni ushahidi." Nilikasirika, nikaosha sufuria kwa kelele mpaka akatoka nje. Alikuwa amenigusa penyewe. Ile mimba yangu iliombewa kila Jumamosi, mikono kumi na miwili juu ya tumbo langu. Ilipotoka, hakuna aliyesema maombi yamemuua mtoto. Walisema Mungu ana mpango wake, nami nikaitika Amen kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika.

Haya basi, tunafanana. Nakubali, wala sioni aibu. Lakini Mungu nilimgombeza mwaka mzima, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakuniondoa kwenye grupu. Ule ujumbe wa simu haukuvumilia hata kicheko kimoja.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Walikuja wote sita, nadhani wakitaka nitubu. Nilisimama kabla ya mtu mwingine.

"Bwana asifiwe."

Wawili tu waliitika.

"Mtoto wangu alipokufa mlisema ni mpango wa Mungu. Ndama akifa mnasema ni sindano. Mbona ng'ombe anapewa sababu na mimi napewa mpango?" Nilimwangalia katibu. "Kilichomuua ndama sikijui. Kilichomuua mtoto wangu sikijui. Nyinyi pia hamjui. Na siendi popote, mtanizoea."

Nikamimina chai. Kila mmoja alijua maziwa yametoka kwa nani. Nilikunywa kikombe changu nikiwatazama, na vikombe vyao vikakaa pale mezani mpaka utando ukaanza kushika.

Mwenyekiti akavuta chake. "Mimi kuzaa nilishamaliza," alisema, akanywa. Mmoja akacheka kidogo. Mwenyekiti alikunywa mpaka chini kabisa, akaweka kikombe, akaniangalia. "Siku ile ya mtoto hatukujua la kukuambia, mwanangu. Tuliogopa kukaa tu bila neno."

Nililia mbele yao wote, na sikujificha.

Vile vikombe vitano havikuguswa. Nilivimwaga, nikaviosha, nikawaambia zamu yangu ikirudi watapata chai ileile.